Waya au hewa: shajara ya intaneti ya nyumbani, Kadutu, Bukavu

Tarehe 4 mwezi wa nane 2024: swali na vipimo

Shajara hii inafuata kazi moja: kuleta intaneti isiyokatika kwenye laptopu mbili za nyumba yetu, iliyoko kwenye mteremko wa Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu mashariki ya Kongo, unaotazama rasi za Ibanda, mtaa mwingine wa mji huo, na ziwa Kivu. Laptopu moja ni yangu, ninayoitumia kusafisha rekodi za sauti na kuzituma kwa wenye kazi. Nyingine ni ya mdogo wangu, anayesoma kwa mbali na anayepaswa kujibu maswali ya mwalimu papo hapo, kwa sauti. Hadi sasa tumeishi kwa kununua mega za simu na kuzigawa kwa laptopu, matumizi ambayo yanameza takriban dola 30 kwa mwezi bila kumridhisha hata mmoja wetu. Nitaandika kila hatua inapomalizika, pamoja na bei zake, ili jirani atakayetaka kufuata njia hii aone mahali pesa zilipopotea kabla hajatoa zake.

Watu huuliza kama wachukue intaneti ya waya au isiyo na waya, kana kwamba hilo ni swali moja. Kwa kweli ni mawili. Kuna safari ya kutoka kwenye mtandao wa kampuni hadi kwenye kisanduku kilichomo nyumbani, yaani ruta, na kuna safari ya pili ya kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptopu. Kila safari inaweza kupita ndani ya waya au hewani, na ubovu wa moja hauponi kwa kuibadilisha nyingine. Nimeona familia zikihama kampuni kwa hasira, huku kizuizi chao kikiwa ni ukuta wa matofali uliosimama kati ya sebule na chumba cha kulala.

Kwa sababu hiyo tumeanza na kipimo, ambacho hakina gharama yoyote. Laptopu yenye Windows ina amri ya ping, inayotuma ujumbe mdogo na kuhesabu milisekunde zinazopita hadi jibu lirudi. Ukiandika ping -t na kuongeza anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, unapima safari ya ndani peke yake; ukiweka anwani ya mbali, kwa mfano 8.8.8.8, unapima safari zote mbili kwa pamoja. Fungua madirisha mawili, moja kwa kila anwani, na uyaache yaendelee huku ukifanya kazi zako za kawaida. Majibu ya ruta yakichelewa au yakipotea, ubovu uko ndani ya nyumba. Ruta ikijibu upesi na anwani ya mbali ikayumba, ubovu uko nje.

Tumepima pia mahitaji yetu kwa hesabu. Somo la video hutumia takriban megabiti 1 kwa sekunde kuja na nusu yake kwenda. Megabiti 1 kwa sekunde ikidumu saa nzima hufanya megabaiti 450, kwa kuwa baiti moja ina biti 8. Basi saa mbili za somo kila siku ya kazi, kuja na kwenda kwa pamoja, hufika gigabaiti 1.35, na mwezi mzima ni karibu gigabaiti 30, kabla sijatuma rekodi yangu hata moja. Rekodi ya megabaiti 500 hupakiwa kwa dakika 7 hivi kwenye njia ya megabiti 10 kwa sekunde, lakini huchukua zaidi ya nusu saa kwenye njia ya megabiti 2. Tunahitaji, kwa hiyo, malipo yasiyohesabu mega, na kasi ya kupakia inayokaribia ile ya kupakua. Matangazo ya biashara hutaja kasi ya kupakua peke yake, na anayetuma kazi kutoka nyumbani hana budi kuuliza ile nyingine kwa mdomo wake.

Tarehe 18 mwezi wa nane 2024: kisanduku cha 4G

Njia iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa modemu ya 4G, kisanduku kinachowekwa kadi ya simu na kugawa intaneti kwa Wi-Fi au kwa waya. Tulilipa dola 45. Asubuhi na mapema kipimo kilionyesha megabiti 14 kwa sekunde, na kwa muda tulidhani kazi imekwisha. Jioni, kuanzia saa moja, kipimo hichohicho kilishuka chini ya megabiti 1, na dirisha la ping ya mbali likajaa majibu ya milisekunde 600 na zaidi. Mnara mmoja hugawa uwezo wake kwa simu zote zinazoutegemea, na Kadutu ni mtaa wenye watu wengi mno. Kila mtu akirudi nyumbani na kufungua simu yake, fungu la kila mmoja linapungua. Hakuna mpangilio wa modemu unaoweza kuongeza uwezo wa mnara.

Kulikuwa na tatizo la pili, nalo ni la mahali petu hasa. Mteremko wetu unatazama mashariki, na ng'ambo ya mto Ruzizi kuna minara ya Rwanda. Modemu iliyoachiwa kuchagua mtandao yenyewe ilishika mnara wa ng'ambo kila ule wa upande wetu ulipodhoofika, na salio likaisha kwa bei ya kutumia simu ugenini. Dawa yake ni kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya modemu, kuzima matumizi ya ugenini, na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiacha modemu itafute. Yeyote anayeishi Nguba, Muhumba au popote panapotazama mpaka afanye hivyo siku ya kwanza, kabla hajaweka salio.

Ukurasa huo una namba nyingine ya maana, ile ya nguvu ya mawimbi, inayoandikwa RSRP na kupimwa kwa desibeli chini ya sifuri. Katikati ya nyumba ilisoma −108, ambayo ni hafifu. Kwenye dirisha la mashariki ikasoma −93. Kuhamisha kisanduku kukaimarisha asubuhi zetu, lakini jioni hazikubadilika, jambo linaloonyesha kwamba udhaifu wa mawimbi na msongamano wa mnara ni magonjwa mawili tofauti. Tumeiweka modemu kama akiba.

Tarehe 1 mwezi wa tisa 2024: nyuzi za kioo

Hatua hii ilikuwa fupi. Kama faiba ingefika kwetu, ningeichukua bila kusita: mwanga unaopita ndani ya uzi wa kioo hausumbuliwi na majirani, hausumbuliwi na miti, na kioo hakipitishi umeme wa radi. Lakini nguzo ya karibu yenye faiba iko chini, kwenye barabara kubwa, na gharama tuliyotajiwa ya kuivuta hadi juu ilikuwa kubwa kuliko bei ya laptopu zote mbili. Anayeishi karibu na barabara aulize hilo kwanza, na asisome sehemu inayofuata mpaka apate jibu.

Tarehe 15 mwezi wa tisa 2024: antena juu ya bomba

Tulichagua safari ya nje ipite hewani, ila si kwa njia ya simu. Kampuni moja ina kituo upande wa Ibanda, na humwekea mteja antena ndogo ya masafa ya gigahezi 5.8 inayoelekezwa kwenye kituo hicho. Tofauti na modemu ya 4G ni kwamba antena ya namna hii hutazama upande mmoja tu, na kampuni huweka kikomo cha idadi ya wateja kwa kila kituo. Tulilipa dola 110 za kufungiwa, na malipo ya kila mwezi ni dola 50 kwa megabiti 10 za kupakua na 10 za kupakia, bila kuhesabu mega.

Sharti la antena hizi ni kuonana. Macho yasipokiona kituo, mawimbi nayo hayatafika, lakini kuona kwa macho peke yake hakutoshi, na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mawimbi hayasafiri kama uzi mwembamba. Yanahitaji nafasi inayopanuka katikati ya safari na kusinyaa kwenye ncha zote mbili. Kwa umbali wa kilomita 2 na gigahezi 5.8, nafasi hiyo ina nusu kipenyo cha mita 5 hivi pale katikati, na angalau asilimia 60 yake inapaswa kuwa tupu. Kituo tulikiona vizuri kutoka kwenye paa, lakini mparachichi wa jirani, ulio mita chache mbele yetu, uligusa mstari huo kwa matawi yake ya juu. Karibu na ncha nafasi inayohitajika ni ndogo, ila majani yaliyokuwa ndani yake yalitosha: namba ya mawimbi ilipanda na kushuka kila upepo ulipovuma.

Tulikwenda kwa mwenye mti. "Mama, tunaomba kupunguza matawi mawili ya juu, yale yasiyo na matunda." Akajibu, "Mwanangu, mti huu ulipandwa na marehemu. Matawi utapunguza, lakini nitasimama hapo hapo nikuangalie." Hata hivyo mti hukua, na haifai kumrudia mama yule kila msimu wa mvua. Tulihamisha antena hadi sehemu ya juu ya kiwanja, kwenye bomba la chuma lililosimikwa kwa saruji, ambako mstari unapita juu ya mti wote. Bomba na saruji vilitugharimu dola 22, na waya wa kutoka antena hadi ndani ya nyumba ukarefuka hadi mita 35. Urefu huo ulikuja kuleta matatizo yake, yaliyoandikwa hapa chini.

Baada ya kuhamisha, ping ya mbali haikutikisika tena jioni. Safari ya nje ilikuwa imepona.

Tarehe 29 mwezi wa tisa 2024: Wi-Fi ndani ya nyumba

Kwa kuwa safari ya nje ilikuwa nzuri, tulitarajia mdogo wangu asome kwa utulivu chumbani kwake, nyuma ya kuta mbili za matofali. Haikuwa hivyo. Ping ya ruta, ambayo haihusiani na kampuni wala na kituo, ilisoma milisekunde 3 kwa kawaida, kisha ikaruka ghafla hadi 250, na baadhi ya majibu hayakurudi kabisa. Sauti yake darasani ilikatika palepale ping iliporuka, tukashuhudia mambo hayo mawili yakienda pamoja.

Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina njia, yaani chaneli, tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Ruta yetu ilikuwa kwenye njia ya 6 pamoja na ruta na simu za majirani zisizopungua kumi. Kifaa cha Wi-Fi hakiwezi kutuma na kupokea kwa wakati mmoja kwenye njia moja, na kabla ya kutuma husikiliza kwanza hadi hewa inyamaze, kama mtu wa adabu kwenye baraza. Kwa hiyo maneno ya jirani, hata yawe ya mtandao wake mwenyewe, hukifanya chetu kisubiri. Kuhamia njia ya 1 kulileta nafuu ya muda, mpaka ruta ya nyumba nyingine ilipohamia hukohuko yenyewe.

Kisha tulijaribu gigahezi 5, ambayo ina njia nyingi na majirani wachache. Tuliiweka kwenye njia ya 36, mbali na masafa ya antena ya juu ili vifaa viwili vya nyumba moja visigombane. Sebuleni ilikuwa nzuri sana, na kwa laptopu inayokaa chumba kimoja na ruta nisingetafuta kingine. Lakini mawimbi ya gigahezi 5 hupungua haraka yanapopenya tofali, na nyuma ya ukuta wa pili hayakubaki ya kutosha. Tuliazima pia kifaa cha kurudishia mawimbi, tukakiweka kwenye korido. Kifaa cha aina ile hupokea na kutuma tena kwenye njia ileile, hivyo karibu nusu ya uwezo hupotea, na subira ya kila ujumbe huongezeka. Tulikirudisha kwa mwenyewe kwa shukrani.

Kusogeza ruta chumbani kwake lingekuwa jibu rahisi, lakini rekodi zangu nazifanya upande wa pili wa nyumba.

Tarehe 13 mwezi wa kumi 2024: waya wa ndani, na taa zisizosema kweli yote

Tuliamua safari ya ndani ipite kwenye waya. Sababu yetu si kasi. Waya wa kawaida hubeba megabiti 100 kwa sekunde bila shida na unaweza kufika gigabiti 1, huku kampuni ikitupa megabiti 10. Kwa hiyo waya hauongezi hata megabiti moja juu ya zile tunazolipia. Unachotoa ni uthabiti: kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, bila kumsubiri jirani.

Laptopu yangu ina tundu la waya wa mtandao, liitwalo RJ45. Ya mdogo wangu ni nyembamba na haina, basi tulinunua adapta ya USB kwa dola 12. Adapta ya megabiti 100 inatosha kabisa kwa huduma ya megabiti 10, na hakuna haja ya kulipia ile ya gigabiti. Mita 20 za waya zilikuwa dola 12, koleo la kubania plagi dola 10, na mfuko wa plagi dola 3.

Waya ulipitishwa juu ya dari, na kijana fundi akabana plagi zote mbili. Kipimaji chake kilionyesha taa nane zikiwaka kwa zamu, kutoka 1 hadi 8, pande zote mbili. Laptopu ikaungana. Lakini kila rekodi kubwa ilipopakiwa, ping ya ruta ilipoteza majibu, jambo ambalo waya wa mita 20 haupaswi kufanya. Tulibadilisha adapta kwa ya kuazima, kisha tundu la ruta, na hali ikabaki ileile.

Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa rangi. Waya huu una nyuzi nane zilizosokotwa jozi nne, na kila jozi imesokotwa pamoja kwa makusudi: kelele inayoingia kwenye uzi mmoja huingia pia kwenye mwenzake, na kifaa kinachopokea huiondoa kwa kulinganisha hizo mbili. Mtandao wa megabiti 100 hutuma kwenye pini 1 na 2, na kupokea kwenye pini 3 na 6. Fundi alikuwa amepanga jozi zikifuatana, 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8, jambo linaloonekana la busara kwa jicho. Matokeo yake ni kwamba pini 3 na pini 6 zilibeba nyuzi za jozi mbili tofauti, ambazo hazikusokotwa pamoja, na kinga dhidi ya kelele ikatoweka. Kipimaji cha taa huangalia tu kama pini ya 3 inafika kwenye pini ya 3. Hakijui imesokotwa na nani.

Mpangilio sahihi, unaoitwa T568B, ukishika plagi huku ulimi wake ukiwa chini na matundu ya nyaya yakikutazama wewe, ni huu kutoka kushoto: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye mstari wa kijani, buluu, nyeupe yenye mstari wa buluu, kijani, nyeupe yenye mstari wa kahawia, kahawia. Jozi ya kijani imetengana kwa makusudi ili ishike 3 na 6. Usifungue msokoto zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, na ganda la nje liingie ndani ya plagi ili koleo lilibane pamoja na nyuzi. Tulikata plagi zote mbili na kuanza upya mbele ya fundi mwenyewe, ambaye sasa hubana hivyo kwa wateja wake wote.

Windows sasa inaandika chini ya milisekunde 1 kwa kila jibu la ruta, mchana na jioni, hata rekodi ikiwa inapakiwa.

Tarehe 27 mwezi wa kumi 2024: mvua, maji na radi

Mvua zimeshika. Baada ya mvua moja kubwa antena ilizimika, na mtaani jibu lilikuwa tayari: mvua imeua mtandao. Kwa gigahezi 5.8 na kilomita 2, hata mvua kali hupunguza mawimbi kwa desibeli moja au mbili tu, kiasi ambacho antena haikihisi. Tena antena yetu haikuzimika mvua iliponyesha; ilizimika baadaye, anga likiwa limefunguka. Maji yalikuwa yamefuata waya kutoka juu ya bomba, yakaingia kwenye plagi na kuotesha kutu ya kijani kwenye pini zake. Tulikata plagi, tukaweka mpya, tukaufanya waya ushuke na kutengeneza tumbo chini ya antena kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondoke pale penye tumbo, kisha tukafunga maungio kwa mpira wa kujishikiza. Tumbo kama hilo limewekwa pia mahali waya unapoingia ukutani.

Radi inataka uangalifu mkubwa zaidi. Milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa mahali panapopigwa sana na radi duniani: vipimo vya satelaiti vya miaka 1998 hadi 2013, vilivyochapishwa mwaka 2016, viliipa sehemu iliyotajwa kwa jina la Kabare takriban miali 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Bomba la chuma juu ya kilima, lenye waya wa shaba unaoingia moja kwa moja hadi kwenye laptopu, si jambo la kuachwa hivihivi katika nchi ya namna hii. Tulizika fimbo ya chuma iliyopakwa shaba karibu na bomba, kwenye udongo wenye unyevu, na kuunganisha bomba nayo kwa waya mnene. Fimbo na waya vilikuwa dola 17. Mahali waya wa antena unapoingia nyumbani tuliweka kinga ya radi ya dola 11, iliyounganishwa na fimbo hiyohiyo. Hakuna kinga inayozuia radi inayopiga bomba lenyewe, kwa hiyo ngurumo zikikaribia tunachomoa waya wa antena pamoja na waya wa laptopu, na kuendelea kwa betri na kazi zisizohitaji mtandao. Hapa Wi-Fi ina faida ya kweli ambayo lazima niitaje: laptopu isiyo na waya haina njia ya shaba inayoiunganisha na antena.

Tarehe 17 mwezi wa kumi na moja 2024: umeme ukikatika

Ruta hutumia volti 12 na takriban wati 6, na antena kama wati 5. Vitu vidogo hivi havihitaji jenereta, na tulitaka viendeshwe na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 18, iliyopatikana kwa dola 38, pamoja na chaja ya dola 15.

Antena hupata umeme wake kupitia waya uleule wa mtandao, kwenye jozi mbili ambazo megabiti 100 hazizitumii. Kiwandani imepangiwa volti 24. Maelezo yake yalisema inakubali kuanzia volti 10.5, tukaiunganisha na betri moja kwa moja. Ilijiwasha na kujizima bila kutulia. Multimita, yaani kipima umeme, ilisoma volti 12.3 kwenye betri, na chini kidogo ya 10 kwenye ncha ya juu ya waya.

Volti zaidi ya mbili zilikuwa zimebaki njiani, na kisu kilitueleza sababu. Waya wa nje, tulioununua siku ya kufunga antena kwa dola 14 kwa mita 40, uliandikwa kuwa ni wa shaba. Tulipokwangua uzi mmoja, rangi nyekundu iliondoka na chini yake kukawa na weupe wa aluminiamu. Aluminiamu hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya shaba, na hukatika upesi ikikunjwa mara kwa mara. Dalili nyingine ni uzito: boksi la waya wa shaba kamili huonekana zito mkononi, na la aluminiamu ni jepesi kwa namna inayoshangaza. Chukueni kisu kidogo mnapokwenda sokoni, mwombe muuzaji ruhusa ya kukwangua ncha, na mkikataliwa, nendeni duka jingine.

Tulifanya marekebisho mawili. La kwanza lilikuwa kubadilisha waya na kuweka wa shaba kamili, wenye ganda la nje linalostahimili jua, dola 34 kwa mita 40. La pili lilikuwa kipandisha volti cha dola 8, kinachochukua 12 za betri na kutoa 24 kwa antena. Volti zikiongezeka maradufu, mkondo unaohitajika kwa wati zilezile hupungua nusu, na nguvu inayopotea kwenye waya hushuka hadi robo. Sasa upotevu kwa mita 35 haufiki volti moja. Kwa ruta tuliweka kituliza volti cha dola 6, kwa sababu betri inayochajiwa hupanda hadi karibu volti 14.

Betri ya namna hii haifai kumalizwa zaidi ya nusu. Volti 12 kwa ampea-saa 18 ni wati-saa 216, nusu yake ni 108, na vifaa vyote pamoja na umeme unaopotea njiani hula kama wati 13, kwa hiyo tunapata saa 8 hivi. Laptopu zinaishi kwa betri zake zenyewe.

Tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2024: hesabu, na nyumba ya jirani

Vifaa na kufungiwa vimefika dola 357. Kati ya hizo, dola 45 za modemu na 14 za waya wa aluminiamu hazimpasi mtu atakayefuata shajara hii kwenye mteremko kama wetu. Yeye atatumia kama 298. Malipo ya mwezi yamepanda kutoka dola 30 hadi 50, na ongezeko hilo si dogo kwa nyumba yetu. Tunalilipa kwa sababu mdogo wangu amemaliza muhula bila kukosa somo kwa ajili ya mtandao, na mimi natuma rekodi jioni badala ya kuamka alfajiri.

Jirani mmoja, papa anayeishi chini yetu, bondeni, aliomba tumfanyie vilevile. Antena haimfai: kilima kinamficha kituo cha Ibanda kabisa, na bomba la kukivuka lingekuwa refu mno. Tulimpelekea modemu yetu ya akiba ili apime. Kwake mnara wa simu uko karibu na unahudumia nyumba chache, na ping ya mbali ilitulia hata saa mbili usiku. Kilichoyumba ni ping ya modemu kutoka chumba anachofanyia kazi, nyuma ya mlango wa chuma. Ameichukua modemu kwa dola 30, akanunua mita 12 za waya baada ya kuukwangua, na kubana plagi zake kwa rangi za T568B. Laptopu yake ni ya zamani na ina tundu lake la RJ45, basi adapta haikuhitajika. Waya na plagi vimemgharimu dola 9.